Rangi Iliyozama Kitambaani

Rangi ya mafuta huwa na sehemu mbili: unga laini unaotoa rangi yenyewe, na mafuta yanayoushika unga huo, mara nyingi ya mbegu za kitani. Mafuta haya hayakauki kwa kupoteza maji. Hufyonza oksijeni ya hewani, molekuli zake zikashikana, yakawa utando mgumu.

Turubai la mchoraji nalo hufumwa kwa nyuzi, aghalabu za pamba. Kati ya nyuzi, na ndani ya kila uzi, mna vijinafasi vyembamba mno. Kimiminika kikivigusa, mvuto uliopo kati yake na uzi hukiingiza ndani, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Ndiyo maana wachoraji walizoea kwanza kulipaka turubai gundi na rangi ya msingi: vijinafasi vizibwe, rangi ibaki juu.

Tarehe 26 Oktoba 1952, jijini New York, mchoraji Helen Frankenthaler, mwenye umri wa miaka 23, aliiruka hatua hiyo. Mwaka huo alikuwa amezuru Nova Scotia, Kanada, akachora mandhari ya huko. Sasa alitandaza sakafuni turubai tupu la karibu mita 3 kwa 2.2, akapitisha mistari ya mkaa, akamimina rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi ikatiririka. Mchoro huo aliuita Mountains and Sea.

Ukiutazama kwa karibu, mabaka ya waridi, buluu na kijani yamezungukwa na kivuli hafifu. Sababu yake ni hii: mafuta na unga huanza safari pamoja, lakini chembe za unga hunaswa na nyuzi mapema, na mafuta huendelea peke yake. Hapo kitambaa chenyewe kimeshiriki kuchora, na hilo ndilo jambo kubwa katika kazi hii. Wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walipoiona mwaka 1953, walibadili namna yao ya kuchora.

Lakini mafuta yanapofyonza oksijeni huzalisha pia asidi, nayo hukatakata selulosi, yaani molekuli ndefu zinazoupa uzi wa pamba nguvu. Polepole kitambaa hubadilika rangi na kuwa dhaifu. Rangi ya msingi ilikuwa pia kinga.

Katika miaka ya 1960 Frankenthaler alihamia rangi za akriliki, ambazo unga wake hushikwa na plastiki iliyochanganywa na maji. Pamba ilisalimika na asidi ya mafuta. Kile kivuli cha mafuta pembezoni mwa mabaka nacho kikatoweka.