Minyoo Wanapoziba Utumbo wa Mtoto

Wazazi wengi hudhani kwamba minyoo ni ugonjwa wa utotoni tu, usiohitaji haraka. Yafaa wajue kwamba mnyoo mrefu wa mviringo, ambaye wengine humwita mchango, aweza kuuziba utumbo wa mtoto na kumwua kwa muda wa siku chache.

Mnyoo huyu hukaa katika utumbo mwembamba. Jike huweza kufikia urefu wa sentimita 35, na kwa siku moja hutaga mayai yapatayo 200,000, ambayo hutoka pamoja na choo. Yakianguka juu ya udongo wenye unyevu na kivuli, hukomaa kwa majuma mawili au zaidi, kisha huingia kinywani kwa mikono michafu au kwa mboga zisizooshwa. Wana wa minyoo hutoboa ukuta wa utumbo, hupita katika ini na mapafu, hupanda hata kooni, humezwa tena, na kurudi utumboni kukua.

Minyoo wakiwa wachache, mtoto aweza asionyeshe dalili yo yote. Wakiwa wengi, hujisokota pamoja wakafanya fundo lizibalo njia ya chakula, hasa karibu na mwisho wa utumbo mwembamba. Utumbo uliozibwa waweza nao kujipinda. Damu ikikosa kupita, sehemu hiyo huoza na kutoboka.

Dalili za hatari ni hizi:

1. Tumbo kusokota kwa vipindi.
2. Kutapika, pengine pamoja na nyongo au minyoo.
3. Tumbo kuvimba.
4. Kutopata choo wala kutoa upepo.

Mtoto mwenye dalili hizo asipewe nyumbani chakula, wala haluli, wala mafuta ya mbarika, wala dawa ya minyoo. Dawa iufanyayo utumbo kusukuma kwa nguvu yaweza kuupasua. Na apelekwe hospitali siku ile ile. Huko hutiwa maji kwa mshipa, na mpira mwembamba hupitishwa puani hata tumboni ili kuondoa yaliyojaa. Mara nyingi fundo hulegea bila kisu, na dawa ya minyoo hutolewa baadaye. Lakini utumbo ukiwa umekwisha kuoza, hapana budi mtoto apasuliwe, na kukawia kwa wazazi huwa kumeiongeza hatari.

Nchini Kenya, mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa ya minyoo shuleni ulianzishwa mwaka 2009. Dawa hiyo huwaondoa minyoo walio tumboni. Haigusi mayai yaliyo udongoni, nayo huweza kudumu humo miaka kadhaa. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa huambukizwa tena akirudi kucheza katika uwanja ule ule mchafu. Kila nyumba na iwe na choo cha shimo, na watoto wadogo nao wafundishwe kukitumia. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kwenda chooni, na mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi.