Lazaro na Sauti Tatu za Msaada

Ukishuka matatu Uthiru na kutembea kidogo kando ya Barabara ya Naivasha, haikuchukui muda kuliona neno Ebenezer. Mimi huliona juu ya dirisha la bucha, kwa rangi nyekundu, herufi mbili za mwisho zimebanana kwa sababu mchoraji aliishiwa na nafasi. Wapita njia wanajua tu kwamba ni jina la Biblia. Tulifungue leo, maana ndani yake mna ufunguo wa jina jingine, Lazaro, ambalo naamini tumelisoma juujuu kwa muda mrefu.

Tuanze na tulicho nacho mkononi. Chukua maneno kitabu, katibu, maktaba na mkutubi. Ondoa irabu zote. Katika kila neno utazikuta k, t na b, zimefuatana vilevile. Maneno haya tuliyapata kwa Waarabu, na katika lugha yao maana ya kuandika hubebwa na konsonanti hizo tatu. Irabu na viambishi huja juu yake kueleza nani anaandika, nini kimeandikwa, wapi kinawekwa. Mzizi wetu wa Kibantu hauko hivyo: -som- hubaki na irabu yake, iwe ni msomi, somo au kisomo. Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, wote wa ukoo wa lugha za Kisemiti, na maneno yake hujengwa kwa njia hiyo hiyo ya konsonanti tatu.

Sasa turudi buchani. Eben-ezeri, kama Biblia yetu inavyoliandika, ni maneno mawili: even, yaani jiwe, na ezer, yaani msaada. Samweli alisimamisha jiwe akaliita hivyo baada ya Wafilisti kushindwa. Konsonanti za ezer ni tatu. Ya kwanza hutoka kooni, ile Waarabu wanayoiita ain, kisha z, kisha r. Sisi hatuna ain, kwa hiyo masikio yetu huzipata mbili tu. Watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyo hapa hapa Uthiru, hulinganisha jeni ili kujua ukoo wa mifugo. Sisi tulinganishe konsonanti. Ezra, Azaria, Eliezeri, Eleazari: yote ni majina ya msaada. Na katika Mwanzo, mwanamke anapoitwa msaidizi wa Adamu, neno la Kiebrania ni ezer hilo hilo, ambalo Zaburi ya 121 inalitumia kwa msaada wa Mungu. Anayedhani msaidizi ni mtu wa cheo cha chini na atafakari hilo.

Eleazari ni El, Mungu, na azar, amesaidia. Limekuwaje Lazaro? Majina yakisafiri hulainishwa na vinywa vya wenyeji. Mwendo mfupi kutoka hapa, upande wa Kikuyu, kuna Thogoto, palipojengwa misheni ya Kanisa la Scotland. Jina hilo ni Scot katika kinywa cha Mkikuyu: s ikawa th, konsonanti zilizogandana zikatenganishwa kwa irabu, na mwishoni ikaongezwa irabu nyingine. Ndivyo ilivyokuwa Palestina. Wasemaji walidondosha mwanzo wa Eleazari. Wagiriki, wasio na ain, waliiacha na kuongeza -os mwishoni: Lazaros. Kiswahili kikaiondoa ile s. Katika Lazaro, l ni mabaki ya Mungu. Z na r ni mabaki ya msaada.

Shika hilo, kisha fungua Luka 16. Katika mifano ya Yesu, ukimwacha Abrahamu, baba wa zamani anayetokea humo humo, ni maskini Lazaro peke yake aliyepewa jina. Tajiri wa mfano huo hana. Aliyejua Kiebrania alisikia kwamba Mungu-amesaidia amelala langoni, ana njaa, mbwa wanalamba vidonda vyake. Jina na hali vinagongana.

Mara nyingi nimesikia Lazaro akihubiriwa ili maskini wavumilie, kwamba malipo yako mbele. Sikubali. Msaada ulikuwa hatua chache tu kutoka alipolala, mezani, upande wa pili wa lango. Na tajiri alimjua: baada ya kufa, akiwa katika mateso, anamwomba Abrahamu amtume Lazaro, kwa jina, amletee tone la maji. Jina lilikuwa kinywani mwake, na bado alipita langoni kila siku.

Lazaro wa Yohana 11 ni mwingine, wa Bethania, ndugu yao Martha na Mariamu, aliyekaa kaburini siku nne kabla jina lake halijatimia. Bethania ipo hadi leo, upande wa mashariki wa Mlima wa Mizeituni, na Waarabu wanaiita al-Eizariya, mji wa Lazaro. Kwa Kiarabu jina hilo lina konsonanti zote tatu, hata ile ya kooni ambayo Wagiriki waliiacha.