Elimu kwa Mfugaji: Kuwaingiza Ng'ombe kwenye Joto kwa Pamoja

Ng'ombe asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa saa chache tu, na mara nyingi usiku. Mfugaji asipoziona dalili, hungoja siku nyingine 21 huku akimlisha mnyama asiyempa faida. Mhimilishaji naye huhudumia vijiji vingi. Kwa sababu hiyo hutumika homoni, ili ng'ombe wengi waingie kwenye joto katika siku zinazojulikana.

Homoni inayotumika zaidi ni prostaglandini. Huyeyusha uvimbe mdogo wa manjano unaobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na joto hurejea ndani ya siku 2 hadi 5. Hata hivyo, hufanya kazi kwa ng'ombe aliye takriban kati ya siku ya 5 na ya 17 ya mzunguko wake. Ndiyo maana sindano ya pili hutolewa baada ya siku 11: walioikosa ya kwanza huwa wamefikia kipindi kinachofaa, na walioitikia huwa wamekirudia.

Hapa ipo hatari kubwa. Uvimbe huohuo ndio unaotunza mimba changa. Kumchoma ng'ombe mwenye mimba ni kuiharibu mimba hiyo. Kila ng'ombe apimwe kwanza. Kusema "sikumwona akipandwa" hakutoshi, kwani malishoni madume ni mengi. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika tarehe za kuzaa, za joto na za kuhimilisha.

Ng'ombe aliyezaa apumzishwe walau siku 60. Aliyekonda alishwe kwanza, kwa kuwa homoni haichukui nafasi ya malisho. Wajawazito na wenye pumu wasiishike dawa hii.

Baada ya sindano ya pili, chunguza asubuhi na jioni. Anayesimama apandwe na wenzake asubuhi ahimilishwe jioni. Wa jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Mwangalie tena kati ya siku ya 18 na ya 24. Asiporudi kwenye joto, apimwe mimba baadaye.

Ndama watazaliwa pamoja baada ya miezi 9 hivi. Basi anza kuhesabu kutoka msimu wa majani mengi kurudi nyuma, kisha umwone afisa mifugo wa kata yako mapema.