Nikiacha pombe, ataacha kunipiga?

Shangazi,

Nina miaka 34. Tulitoka Kalemie, Kongo, sasa niko katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na bwana yangu na watoto watatu. Bwana yangu haonji pombe, ni mtu wa kwaya. Mlevi ni mimi. Nilianza na kikombe kimoja cha kachasu, usiku baada ya kupigwa, ili nipate usingizi. Sasa nisipokunywa asubuhi mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Nilipeleka shauri kwa wazee wa kanisa, wakasema: acha pombe kwanza, naye ataacha kukupiga. Bwana anasema nikienda polisi watanicheka, na faili yetu ya kwenda Marekani itakufa. Nimekusudia Jumatatu niache kabisa, nijifungie ndani siku tatu. Nisaidie.

Mama wa Watatu

Mwanangu,

Jumatatu usijifungie. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloweza kukuua mapema zaidi.

Mikono inayotetemeka asubuhi inaonyesha mwili umeshaizoea kachasu, na ukiunyima ghafla utaasi. Siku mbili tatu za mwanzo mtu anaweza kulowa jasho, kutapika, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kuona watu wasiokuwepo. Wapo wanaokufa hivyo, majirani wakasema wamerogwa. Nenda upesi Kituo cha Afya cha Dzaleka, na mpaka uonane na mhudumu usikate kwa mara moja. Mweleze ni vikombe vingapi kwa siku, cha kwanza saa ngapi, na kama umewahi kuanguka. Usipunguze hesabu kwa aibu, maana matibabu yatapimwa kwa hesabu hiyo. Zipo dawa za kuutuliza mwili, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Vidonge vya usingizi vya kuuziwa mtaani usiviguse; vikikutana na kachasu vinazima pumzi.

Hali ikiwa nzito, omba rufaa. Lilongwe, Hospitali ya Bwaila ina kitengo cha magonjwa ya akili, na St John of God, shirika la Kikatoliki lililo pia Mzuzu, hutibu watu walionaswa na ulevi. Barua ya rufaa itunze, kwa kuwa ndiyo utakayoonyesha ukiomba kibali cha kutoka kambini. Usiondoke kimya kimya. Unakumbuka mwaka 2023, wenzetu waliokuwa wakiishi mijini walivyokusanywa na polisi na kurudishwa Dzaleka.

Sasa hao wazee. Kwa maneno yako mwenyewe, kipigo kilitangulia, kikombe kikafuata. Ukikiondoa kikombe, kipigo kitaondokaje? Nimeshalisikia shauri kama hili likikatwa mara nyingi, na hukumu inajulikana kabla kikao hakijakaa: akinywa mume, yenye kosa ni pombe, akinywa mke, mwenye kosa ni mke. Wako hanywi hata tone, kwa hiyo ngumi zake hazina pa kusingizia, ndiyo maana wameisingizia chupa yako.

Na si wazee peke yao. Hata kwenye ofisi za msaada mambo haya mawili hugawanywa. Anayetibu ulevi hakuulizi kuhusu majeraha, na anayepokea malalamiko ya kupigwa akisikia harufu mdomoni anakwambia urudi ukiwa mzima. Basi wewe yaseme yote mawili kila unapoingia. Kwa daktari: napigwa nyumbani. Kwa polisi: ndiyo, nakunywa, lakini nimekuja kwa sababu ya kupigwa. Bwana akikusindikiza, omba kuonana na mhudumu peke yako. Mkalimani wa Kichewa asiwe ndugu yake wala mwanakwaya.

Malawi ina Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2006. Kumpiga mke aliyelewa bado ni kumpiga mke. Mahakama inaweza kumwamuru asikuguse, hata kumtoa nyumbani wewe ukabaki. Polisi wana kitengo cha kusaidia waathirika, na katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, kuna kituo wanachokiita Chikwanekwane, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja, usizunguke na maumivu yako ofisi hadi ofisi.

Kuhusu faili, mwenye kuiamua si yeye. Marekani yenyewe ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Na kwa UNHCR kila mtu mzima ana haki ya kusikilizwa peke yake, kwa siri, na anaweza kuomba faili yake itenganishwe na ya mwenzake. Ukifika, omba hivyo kwa maneno hayo hayo.

Wakikuita tena kikao cha suluhu, usiende kwanza. Hakuna mwanamke anayesema kweli mbele ya mtu atakayerudi naye nyumbani usiku huohuo. Badala yake, tafuta jirani mmoja unayemwamini mpatane ishara, sufuria ikigongwa mara tatu aje abishe hodi kuomba chumvi. Karatasi zako za usajili na za watoto ziweke kwake.

Gazeti hili ukishalisoma, liwashie mkaa. Lisikutwe limekunjwa kwenye ukurasa huu.