Unalea watoto nyumbani? Gharama hizi zinaweza kupunguza ushuru wako

Hapa Kakamega, kuanzia Amalemba hadi Kefinco na Lurambi, kuna nyumba nyingi ambazo ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi sebule inageuka kituo cha watoto. Mzazi anakimbilia kazini au darasani Masinde Muliro, mtoto anabaki na begi lake, na malipo yanaingia kwa simu. Hiyo ni biashara hata kama haina bango mlangoni, na ritani yake inatakiwa na KRA kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka.

Tuanze na jambo linalochanganya wengi. Huenda umesikia kwamba ukiingiza chini ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka hulipi ule ushuru wa mauzo unaoitwa TOT. Ni kweli. Lakini hiyo haimaanishi kwamba huna ushuru kabisa. Unabaki kwenye ushuru wa kawaida wa mapato, ambao unatozwa kwenye faida, yaani kile kinachobaki ukishatoa gharama. Kwa mama mlezi hiyo ni habari nzuri, mradi gharama zenyewe zikubaliwe.

Sheria inakubali gharama iliyotumika kutafuta mapato hayo. Mshahara wa msaidizi, unga wa uji, maziwa, sabuni, nepi ulizonunua wewe, leseni ya kaunti: hizi hazina shida. Karo ya mtoto wako mwenyewe haimo. Pesa unayojitolea kila wiki na kuiita mshahara wako pia haimo, kwa sababu hiyo ndiyo faida yenyewe. Friji, viti na vitanda vidogo huwezi kuvitoa vyote kwa mkupuo; unaruhusiwa asilimia 10 ya bei ya kununulia kila mwaka. Friji ya 30,000, basi, inakupa 3,000 mwaka wa kwanza.

Kodi ya nyumba ndiyo ngumu, maana unaishi humo humo. Ukiandika kodi yote, utaulizwa watoto wa watu wanalala wapi usiku. Marekani, walezi wa nyumbani wana fomula rasmi: unachukua sehemu ya nyumba inayotumiwa na watoto, halafu unazidisha kwa saa za kazi zikigawanywa kwa saa 8,760 za mwaka mzima. Hiyo si sheria ya Kenya, lakini mantiki yake ni rahisi kumweleza mtu yeyote akikuuliza. Tuseme watoto wanatumia nusu ya nyumba, saa 11 kwa siku, siku 264 kwa mwaka. Hizo ni saa 2,904, karibu theluthi moja ya mwaka. Nusu ya theluthi ni sehemu moja kwa sita. Kodi ikiwa 12,000 kwa mwezi, biashara inabeba 2,000. Stima unaweza kuigawa vivyo hivyo. Maji sisi tungeyaangalia upya, kwa sababu nyumba ya watoto kumi inafua mchana kutwa.

Sasa twende penye pesa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara inatakiwa iwe na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, la sivyo haitolewi kwenye hesabu ya ushuru. Tunasema haya sisi wenyewe tunaokutumia SMS: ujumbe wa malipo unaonyesha kwamba pesa imetoka kwako ikaenda kwa fulani. Hauonyeshi ulinunua nini. Utunze, utakusaidia kupanga hesabu, ila peke yake hautoshi.

Chukua mfano huu tulioutunga. Mlezi ana watoto 10, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, kwa hivyo mwaka mzima anaingiza 600,000. Msaidizi anamlipa 16,000 kwa mwezi, jumla 192,000. Chakula ni 108,000, sehemu ya kodi ya nyumba 24,000, sabuni na mengineyo 36,000. Gharama zote ni 360,000 na faida ni 240,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, faida hiyo iko kwenye asilimia 10, yaani 24,000, na nafuu ya kila mlipa ushuru ni 28,800 kwa mwaka. Hadaiwi kitu.

Mlezi huyo huyo, bila ankara hata moja. Mshahara bado unakubalika kwa sababu hauhitaji eTIMS, bora aweke rekodi yake sawasawa, pamoja na michango ya msaidizi. Lakini zile 168,000 nyingine zinakataliwa na faida inapanda hadi 408,000. Ushuru ni 59,800. Toa nafuu, anadaiwa 31,000. Ni karibu mishahara miwili ya msaidizi, kwa uji ambao watoto walishaunywa.

Kwa hivyo ukiwa supamaketi, mpe keshia PIN yako ya KRA kabla hajafunga risiti, si baada. Mwenye nyumba mwombe ankara pia. Najua, si mazungumzo matamu, lakini yaanze mapema kuliko mwezi wa Juni. Na mama mboga wa sokoni? Tangu mwisho wa 2024 sheria inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka. Utahitaji PIN yake na yeye akubali. Kama hataki, nunua kwake ukijua kwamba gharama hiyo haitahesabiwa. Wewe nawe wazazi wanaweza kukuomba ankara. Hata kwa kabambe unaweza kuitoa ukipiga *222#.

Biashara ikikua mambo yanabadilika. Ukifika watoto 20 kwa bei ile ile, unaingiza 1,200,000 na unaingia TOT: asilimia 3 ya mapato yote, sawa na 36,000 kwa mwaka, inayolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huko gharama hazitolewi hata uwe na ankara gunia zima. Kama faida yako ni ndogo, unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA uombe kubaki kwenye ushuru wa kawaida. Piga hesabu zote mbili kwanza.

Kwa wiki hii, tenga nambari moja ya simu ya kupokea malipo ya wazazi tu, kisha omba taarifa ya miamala ya tangu Januari na uweke alama kila malipo ambayo tayari una ankara yake. Ukikwama, Huduma Centre ya Kakamega ipo, na foleni ni fupi kabla ya Juni.