Sungura Yenye Kuuma: Fundisho kwa Wamama wa Kiliniki

Mama, wewe unayefuga sungura nyuma ya nyumba, fundisho hili ni lako. Katika Kasongo na Kabambare wamama wengi wanaifuga kwa sababu haiombi pesa mingi. Inakula matembele, majani ya karanga, maganda ya ndizi, na nyasi ambazo watoto wanakata njiani wakitoka masomo. Mimba yake ni siku 31 hivi, na jike moja inaweza kuzaa watoto sita ao nane kwa mara moja. Nyama yake ni laini, na mutoto anayeachishwa ziwa anaikula bila taabu ukiikatakata vizuri. Kwa hiyo sisi wa kiliniki tunafurahi kuona sungura katika nyumba.

Lakini kuna jambo moja linaloharibu kazi hii. Sungura inauma kidole cha mutoto, baba anakasirika, na jioni ile ile inaingia katika sufuria, hata kama iko na mimba. Na kidole cha mutoto, nani amekiangalia?

Tuanze basi na mutoto.

Meno ya mbele ya sungura ni makali kama patasi, na hayaachi kuota siku zote za maisha yake. Yakiingia katika kidole, shimo linaonekana dogo juu, lakini ndani linaenda mbali. Damu inatoka kidogo, mama anasema: si kitu. Kumbe uchafu umebaki chini.

Chukua maji safi na sabuni, osha kidonda kwa dakika 15. Ni wakati mrefu kwa mutoto mwenye kulia, tunajua. Kaa naye chini, mumwangie maji polepole juu ya kidole, mwimbie kama unataka. Sabuni ya kufulia inatosha, usingoje dawa ya duka. Kisha funika na kitambaa kisafi kilichochemshwa na kukaushwa kwa jua, usifunge kwa nguvu. Usitie majivu, wala tumbako, wala mavi ya nyama, wala majani yaliyotafunwa. Tunakataza si kwa kudharau wazee wetu. Vidudu vya tetanosi, wengine wanasema pepopunda, vinakaa ndani ya udongo na ndani ya mavi ya nyama. Jino la sungura linafungua mulango tu. Mara nyingi ni mutu anayeingiza ugonjwa kwa mukono wake.

Ukimaliza kuosha, tafuta karte ya mutoto. Je, amepata sindano zote tatu, ile ya majuma 6, ya majuma 10 na ya majuma 14? Ndani ya sindano zile mumo dawa ya kumukinga na tetanosi. Kama moja imekosekana, ao karte imepotea, mulete siku ile ile. Mutoto akishikwa na tetanosi, mataya yanafungwa, hawezi kunyonya wala kumeza, mugongo unapindika, na hapo hata lopitali kubwa inapigana kwa shida sana. Wewe mama pia unaweza kuumwa, kwa sababu ni wewe unayesafisha kibanda. Katika mimba ya kwanza unapata sindano mbili, majuma 4 ao zaidi kati yake. Sindano tano kwa jumla ndizo zinazokulinda miaka mingi.

Hata kama sindano zote ziko, leta mutoto upesi kama ameumwa usoni, ao kwenye kiungo cha kidole, ao kama mukono unavimba, unakuwa moto, unatoa usaha, ao yeye mwenyewe anapata homa. Katika mate ya sungura muna vidudu vingine ambavyo vinaweza kuvimbisha mukono katika siku moja tu. Usingoje mupaka siku ya kupima watoto.

Sasa tuongee juu ya sungura yenyewe. Wengine wanasema ni nyama mubaya, ao imerogwa. Hapana. Sungura ni nyama inayowindwa na kila mutu: mbwa, nyoka, kipanga, binadamu. Mungu aliipa masikio ya kusikia na miguu ya kukimbia. Ukiifungia katika kibanda kidogo haiwezi kukimbia, imebaki na meno tu. Ukiingiza mukono kwa haraka kutoka juu, yenyewe inaona kipanga.

Angalia masikio. Yakilala nyuma juu ya mugongo, na inanguruma kidogo, ao inapiga chini kwa muguu wa nyuma, rudisha mukono wako. Imekuambia mbele ya kuuma.

Jike yenye mimba, ao yenye watoto wachanga, inauma kuliko zote. Inalinda. Karibu siku ya 28 weka sanduku lenye nyasi kavu ndani ya kibanda, na utaiona inajing'oa manyoya ya tumbo kwa kutandika. Tangu siku ile watoto wa nyumba wasifungue mulango. Wewe ukitaka kuangalia watoto wake, itoe kwanza inje, ipe majani, sugua mikono katika nyasi za kibanda kile kile, kisha tazama upesi na utoe waliokufa. Jike nyingine inafikiri iko na mimba, na haina. Nayo inauma vile vile, mupaka majuma mawili ao karibu tatu yapite.

Tena usimupelekee jike dume katika kibanda chake, atapigwa. Jike ndiyo inapelekwa kwa dume. Na dume ndogo, zikifika miezi mitatu, zitenge kila moja pahali pake, la sivyo zitaumana sehemu za uzazi mupaka kuharibika.

Wakati mwingine sungura haina hasira hata kidogo: mutoto amekula ndizi, amepitisha kidole kati ya mianzi, na kidole kinanukia ndizi. Hiyo si kosa ya sungura. Ziba nafasi ya chini, ao inua kibanda mupaka kifua cha mutu mukubwa. Mutoto wa chini ya miaka mitano asibaki peke yake na sungura, na sungura isilale fasi mutoto muchanga analala.

Na sungura iliyokuwa tulivu, ikianza kuuma bila sababu, itazame mwili. Labda ndani ya masikio muna ukoko wa upele, labda chini ya miguu muna kidonda, labda meno yamepita urefu. Maumivu yanabadilisha tabia, hata kwetu ni hivyo.

Kwenye soko utaona watu wanabeba sungura kwa masikio. Ni desturi mubaya, inaumiza sana. Shika ngozi ya mabega kwa mukono mumoja, mukono wa pili uweke chini ya matako, na uibane kwa mwili wako, miguu ikiangalia mbali na wewe. Ikipiga teke bila kushikiliwa nyuma, inaweza kuvunja uti wa mugongo wake yenyewe. Kuipiga hakufai. Inakumbuka, na kesho itauma mbele. Mutu mumoja ndiye ailishe kila siku, saa moja ile ile, akiweka majani na kuongea polepole. Watoto wa sungura walioshikwa kidogo kidogo tangu juma la kwanza hawaogopi mukono wakiwa wakubwa.

Wamama wanauliza: je, kuna kabila ya sungura isiyouma? Ziko tofauti, ni kweli. Ile kubwa sana inayoitwa Géant des Flandres, yenye kupita kilo sita, inajulikana kwa upole. Ile nyeupe yenye macho mekundu, New Zealand, na ile nyeupe yenye pua, masikio na miguu meusi, Californian, zote mbili zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya nyama, na kwa kawaida ni tulivu. Zile ndogo za kilo moja, ambazo Wazungu wanafuga kwa kuchezea, nyingi ziko na woga na hasira ya haraka. Lakini hapa kwetu karibu zote zimechanganyika, rangi haikuambii kitu. Angalia mama na baba yake kabla ya kununua. Sehemu ya tabia inarithiwa: kama jike inauma siku zote, bila mimba, bila watoto, bila ugonjwa, hiyo ndiyo ya sufuria, wala usiweke dume yake kwa mbegu. Kwa neno hili baba ana haki.

Sungura ya pori, ile ya hadithi yenye kumudanganya simba, ni nyama nyingine. Haizaliani na ya nyumbani, na ukiifungia haitulii. Usimuletee mutoto aichezee. Tunasema vile vile juu ya kindi, panya kubwa wa pori na nyani wadogo. Ugonjwa wa mpox ulijulikana kwa binadamu mara ya kwanza hapa Kongo, katika Ékwatere, mwaka 1970, na Maniema yetu ni kati ya mikoa inayoupata. Nyama za pori kama hizo zinaweza kuubeba. Kichaa cha mbwa, sungura ya nyumbani karibu haina kamwe. Lakini mutoto akiumwa na mbwa, ao na sungura ambayo mbwa aliiuma siku zilizopita, osha dakika 15 na uje siku ile ile, hata usiku.

Na kama ni nyama ya pori iliyomuma, ukifika utuambie jina lake wazi. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Mutoto akipata homa na vipele katika majuma matatu yanayofuata, mutenge na ndugu zake, kisha umulete.