Tone Moja la Damu na Mwanga Unaolipima

Mwezi huu tujifunze habari za kipimo ambacho akina mama wengi wanakijua tangu kliniki ya wajawazito: kipimo cha wingi wa damu. Unachomwa kidole, tone linachukuliwa, na baada ya muda mfupi unaambiwa, "Damu yako ni kumi na moja." Je, hiyo kumi na moja imepatikanaje? Na je, inaweza kukosewa?

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja niliyofanya kazi, mtoto wa miaka miwili aliletwa usiku akiwa na malaria. Ilikuwa majira ya baridi, na vidole vyake vilikuwa baridi kama jiwe. Muuguzi alimchoma kidole, damu ikatoka kwa shida, akakiminya mpaka tone likapatikana. Mashine ikaonyesha 5.6. Baba akaambiwa atafute ndugu wa kumtolea mtoto damu. Akatoka mbio kwenda kugonga milango ya watu usiku ule.

Nilipoitwa, nilikuta kile kidole bado kimelowa spiriti. Nikaupasha mkono wa mtoto kwa maji ya vuguvugu, nikaukausha vizuri, nikachoma kidole kingine. Tone likaja lenyewe. Mashine ileile ikaonyesha 7.4. Mtoto alikuwa anapumua vizuri na anakunywa. Daktari akaamua apewe dawa ya malaria na kuangaliwa kwa karibu, na hakuhitaji kuongezewa damu. Mashine haikusema uongo mara ya kwanza. Ilipima ilichopewa, yaani damu iliyotiwa maji.

MACHO YETU HUDANGANYIKA

Wekundu wa damu unatokana na kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho hubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Hemoglobini ikipungua, mtu huchoka, moyo humwenda mbio, na mama mjamzito huwa hatarini zaidi akivuja damu wakati wa kujifungua.

Zamani tulifunua kope la chini na kutazama kama ni jeupe. Tunafanya hivyo hata leo, lakini macho peke yake hayatoshi. Mama anayepika kwa kuni huweza kuwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi, kumbe damu imepungua sana. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi tulitumia pia kifaa kilichobuniwa na daktari Sahli wa Uswisi mwanzoni mwa karne ya 20. Damu ilichanganywa na asidi, kisha maji yakaongezwa kidogo kidogo mpaka rangi ilingane na ya kioo cha mfano. Wauguzi wawili waliweza kutazama damu moja na kutoa majibu mawili.

MWANGA UNAVYOPIMA

Chukua bilauri mbili, moja ya chai ya rangi nyepesi, nyingine ya chai iliyokolea. Ziinue mbele ya dirisha. Nyepesi inapitisha mwanga mwingi, iliyokolea inauzuia. Mashine inafanya hivyohivyo, ila badala ya jicho la mtu ina kihisi cha mwanga, yaani kifaa kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme unaoweza kupimwa. Damu ikiwa na hemoglobini nyingi, mwanga kidogo hupita. Ikiwa na hemoglobini kidogo, mwingi hupita.

Tone huingia katika kijikasha bapa cha plastiki chenye nafasi nyembamba ndani. Damu hupanda yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Aina moja inayotumika sana huchukua maikrolita 10 tu, ambazo ni sehemu moja ya mia ya mililita. Kijiko kimoja cha chai kingetosha vipimo 500! Ndani ya kijikasha kuna dawa kavu inayopasua chembechembe za damu na kuiweka hemoglobini katika hali ya kupimika.

Kisha mashine hupitisha mianga miwili. Wa kwanza, wa nanometa 570, huzuiwa na hemoglobini. Wa pili, wa nanometa 880, hauonekani kwa macho. Huo hupima ukungu, kwa mfano wa mafuta katika damu, ili mashine iutoe katika hesabu. Jibu hupatikana kwa muda wa kama dakika moja.

TONE LINAVYOHARIBIKA

Kwa kuwa tone ni dogo, kosa dogo huwa kubwa. Tuangalie mambo haya:

1. Kuminya kidole. Maji ya mwilini hutoka pamoja na damu na kuizimua. Mkono upashwe joto kwanza.
2. Spiriti isiyokauka. Nayo huizimua damu.
3. Tone la kwanza. Lifutwe kwa pamba kavu, tupime linalofuata.
4. Povu la hewa ndani ya kijikasha. Mwanga hupita mahali pasipo na damu, na jibu huwa si sahihi.
5. Unyevu. Chupa ya vijikasha ikiachwa wazi, dawa iliyomo huharibika. Sisi wauguzi tuifunge kila mara.

TARAKIMU INA MAANA GANI?

Hemoglobini huhesabiwa kwa gramu katika desilita moja ya damu. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, mama mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi ya kati. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 asiwe chini ya 10.5, na wa miaka miwili hadi minne asiwe chini ya 11. Chini ya 7, kwa mjamzito na kwa watoto hao, ni upungufu mkali.

Tarakimu haikuambii sababu. Inaweza kuwa malaria, minyoo, selimundu au ukosefu wa madini ya chuma. Sababu itafutwe.

Tena, angalieni sana hili. Ukimwaga nusu ya birika la chai iliyokolea, chai inayobaki bado imekolea vilevile. Ndivyo ilivyo kwa mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Mwanzoni mashine inaweza kuonyesha 11 naye yuko katika hatari ya kufa. Msisubiri tarakimu. Mkimbizeni hospitali.

TUKUMBUKE

Mama, uliza tarakimu yako na hakikisha imeandikwa katika kadi. Tofauti ndogo, kama 10.8 leo na 11.1 kesho, isikutie hofu wala furaha, kwani matone mawili ya mtu mmoja hupishana. Jibu lisipolingana na hali ya mgonjwa, omba kwa heshima lirudiwe, ikiwezekana kwa damu ya mshipa, ambayo huaminika zaidi. Muuguzi mwema hatakasirika.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Kwa nini kidole kisiminywe?
2. Je, kila mjamzito katika familia yetu anaijua tarakimu yake?
3. Mama akivuja damu usiku, nani atampeleka hospitali, na kwa usafiri gani?